Herufi nne ninazo, ya tano imenishinda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpenzi wa Wordle, ule mchezo wa kubahatisha neno la Kiingereza la herufi tano kwa majaribio sita: kijani ni herufi iliyo mahali pake, njano imo ila mahali pengine, kijivu haimo. Naicheza kila asubuhi nikiwa kwenye daladala. Siku moja, jaribio la tatu, niliandika NIGHT. Herufi nne za mwisho zikawa kijani zote, nikajua nimemaliza kazi. Nikaweka FIGHT, nikaweka MIGHT, nikaweka RIGHT, nafasi zikaisha. Jibu lilikuwa TIGHT. Nilikosea wapi? Kuna njia ya kuyapata maneno yote ya herufi tano yenye herufi fulani bila kupekua kamusi nzima? Na hiyo gh isiyotamkwa inafanya nini humo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Pole, lakini umekwama pale pale wanapokwama wengi. Kosa lako lilianza ulipoona kijani nne ukadhani umekaribia. Hesabu mwenyewe maneno ya kawaida yanayoishia na -IGHT: EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT. Ukiondoa NIGHT yanabaki saba, nawe ulikuwa na nafasi tatu. Hapo nimeyaacha BIGHT, yaani ghuba, na WIGHT, neno la zamani la kiumbe au mtu. Hata Kiswahili kingekufanyia hivyo hivyo: mtu akikupa -AKA, utachagua baka, daka, kaka, paka, saka, taka, waka au zaka?

Kwa hiyo jaribio la nne hukupaswa kutafuta jibu. Ulipaswa kuweka neno unalojua kabisa kwamba si lenyewe, lakini linaloulizia herufi nyingi za mwanzo kwa mkupuo. Chukua REALM. Ndani yake mna R, E, L na M. Jibu likiwa RIGHT, ile R itakuwa kijani. Likiwa EIGHT, LIGHT au MIGHT, herufi yake itatokea njano, na jaribio la tano unamaliza. Zote zikiwa kijivu, umebaki na FIGHT, SIGHT na TIGHT, na nafasi mbili mkononi. Kwa kubahatisha ulivyofanya, ulikuwa unayafikia maneno matatu kati ya saba. Kwa REALM ungeyafikia sita kati ya saba. Na kama ile NIGHT ungeipata jaribio la pili, usingeshindwa: REALM la tatu, kisha nafasi tatu kwa maneno matatu.

Kuna jambo dogo kuhusu TIGHT linalowapiga chenga hata wazoefu. T tayari ipo mwishoni mwa neno, kwa hiyo ukiweka neno lenye T moja, ikiwa katikati au mwishoni, itapata rangi tu, na hujajua lolote jipya. Kuijua T ya mwanzo kunahitaji neno linaloanza na T, au lenye T mbili. TREAT inafaa: T zote mbili zikiwa kijani, jibu ni TIGHT, ya kwanza ikiwa kijivu, si lenyewe. Na njiani umeshaulizia R na E.

Ila kama umewasha ule mpangilio mgumu wa mchezo, unaokulazimisha kuzitumia tena herufi ulizokwisha kuzipata, REALM itakataliwa. Hapo dawa ni kutoingia mtegoni mapema: ukishaona G, H na T zina rangi lakini hazijakaa mahali pake, usikimbilie -IGHT. Kuna GHOST, GIRTH, THIGH, THONG, OUGHT.

Orodha hiyo sikuitoa kichwani, na hapa ndipo lilipo swali lako la pili. Kompyuta nyingi za Linux na Mac zina faili la maneno ya Kiingereza, kila neno kwenye mstari wake, katika /usr/share/dict/words. Fungua dirisha la amri (Terminal) uandike amri ya grep, inayochagua mistari inayolingana na unachotafuta:

grep -ix '.ight' /usr/share/dict/words

Nukta moja husimama badala ya herufi yoyote moja. Ile x inasema mstari mzima ulingane, usije ukaletewa na tonight. I inasema herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa. Kama herufi unazijua lakini nafasi zake huzijui, chuja hatua kwa hatua:

grep -x '.....' /usr/share/dict/words | grep g | grep h | grep t

Nukta tano, maneno ya herufi tano. Kisha kila grep inapitisha yale tu yenye herufi yake. Huenda ukaletewa pia maneno ya kale kama DIGHT na HIGHT ambayo hata Mwingereza atakukodolea macho ukimtamkia. Mimi nautumia mtindo huu ninapotunga mafumbo ya maneno. Kuutumia katikati ya mchezo wa asubuhi ni shauri lako na dhamiri yako.

Sasa gh. Haikuwa pambo. Kiingereza cha kale kiliandika niht, leoht, riht, miht, na ile h ilitamkwa karibu na kh yetu ya kheri na sheikh. Wajerumani wanayo hadi leo: Nacht, Licht, Recht, Macht. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, waandishi wa hati waliozoea tahajia ya Kifaransa wakaja kuiandika gh. Sauti yenyewe ikafifia polepole hadi ikatoweka kusini mwa Uingereza, wakati uchapaji, ulioletwa Westminster, karibu na London, na William Caxton mwaka 1476, ukiendelea kuigandisha tahajia. Ndiyo maana maneno haya ni mengi na yanafanana hivyo: karibu yote yalikuwa na kh kabla ya t. Huko Scotland bado utawasikia wanaosema nicht, kh ikiwa kamili.

Na limo tapeli moja: delight, yaani furaha. Hilo lilitoka Kifaransa, delit, halikuwahi kuwa na kh hata siku moja. Watu wa karne ya 16 waliona linafanana na light, wakalivalisha gh.