Barua ya Msomaji: "Wanasema Nawasaidia Tu"

SWALI: Nina umri wa miaka 34. Nilizaliwa na kulelewa Buruburu, hapa Nairobi, na miaka sita iliyopita niliolewa katika familia yenye ranchi upande wa Kajiado. Kabla ya jua kuchomoza huwa nimefika zizini kuhesabu ng'ombe na kusimamia ukamuaji. Kila Jumanne nasimama joshoni, ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, mpaka ng'ombe wa mwisho avuke, na jioni naandika hesabu za dawa na mishahara ya wachungaji. Juzi walikuja wanunuzi kutoka Dagoretti, na mama mkwe akawaambia kwamba mimi ni mtoto wa mjini ninayewasaidia tu. Mume wangu alinyamaza. Nifanye nini ili kazi yangu itambuliwe bila kuivunjia nyumba heshima?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Naelewa kwa nini neno hilo "kusaidia" limekuchoma: mchungaji anayelipwa mwisho wa mwezi ana jina lake katika daftari la mishahara, ilhali wewe unayeliandika daftari hilo humo humo hujatajwa.

Basi tuanzie hapo. Fungua daftari la mifugo ambamo kila ng'ombe ataandikwa kwa nambari ya hereni yake, pamoja na tarehe aliyopandwa, kwa kuwa mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283 na tarehe hiyo hukujulisha mapema ni juma lipi utakesha zizini. Andika kila siku ya josho, maana kupe ndio wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, na josho likirukwa ni ndama wanaoumia kwanza. Andika pia kila sindano, ili maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasiuzwe kabla ya siku zilizoelekezwa kwenye dawa kuisha. Mbele ya kila kazi andika jina la aliyeifanya, na usione haya jina lako likijaza ukurasa.

Daftari hilo lina uzito hata kisheria. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi ya shambani, usimamizi wa mali au biashara ya familia, malezi ya watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango wa mwanandoa, hata kama hakutoa shilingi. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali, bali mchango wa kila mmoja ndio unaotazamwa. Hata hivyo, nakuomba uwe mwangalifu: ikiwa hatimiliki ya ranchi ina jina la baba mkwe, ardhi hiyo si mali ya ndoa yenu kwa sababu tu mnaishi na kufanya kazi juu yake. Ndiyo maana ningependa mkubaliane na mume wako, kwa maandishi, juu ya mshahara wako au mitamba itakayotiwa hereni kwa jina lako, na mkifika kwenye ardhi mumwone wakili.

Mume wako zungumza naye faraghani, umweleze wazi kwamba kimya chake kilikuumiza kuliko maneno ya mama. Kuhusu mama mkwe, usimjibu mbele ya wageni. Huenda yeye mwenyewe alikamua miaka mingi na hakuna aliyelitaja jina lake. Kaa naye jioni moja, umwombe akusimulie ng'ombe hawa wametokana na mitamba gani, ni wepi walionusurika kiangazi, na ni nani aliyewalisha. Yaandike hayo katika kurasa za kwanza za daftari, kwa jina lake. Kisha wanunuzi watakaporudi, mume wako na atamke mbele yao kwamba bei wataipata kwako, mwenye daftari.