Jiwe Moja, Watu Kumi na Wawili

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni kukosolewa kupi kulikotuuma na bado kukatufaa. Mimi nilikosolewa mara mbili kwa mahubiri yale yale, na mara moja tu ndiyo iliyoniuma.

Mimi ni Mlogooli, yaani Mmaragoli, niko mwaka wa pili wa mafunzo ya uhubiri hapa Kisumu. Dholuo, lugha ya Wajaluo, najifunza kwa raha zangu. Hakuna mtihani wala cheti. Mwalimu wangu ni mama anayeuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye, na karo ni kununua gorogoro moja, kopo la kupimia, bila kuomba kupunguziwa. Kilichoninasa ni namna neno linavyogeuka likiwa la wingi. Mlima ni got, milima ni gode: t imekuwa d. Basi jiwe, kidi, ungedhani d yake itatulia. Wapi! Mawe ni kite. Sisi kwa Lulogooli, kama ilivyo kwa Kiswahili, tunabadilisha kichwa cha neno. Wao wanachezea mkia. Siku nyingi nilikuwa nayamumunya maneno hayo kama peremende.

Jumapili moja nikapewa mimbari, andiko likiwa Yoshua sura ya 4, Waisraeli wanavuka Yordani na kubeba mawe 12. Nikaona siku yangu imefika. Nikaacha Kiswahili, nikazama kwenye Dholuo dakika kumi hivi, na kwa mbwembwe zote nikatamka "kidi apar gariyo", nikikusudia mawe kumi na mawili. Kanisa likacheka. Nilidhani ni upako.

Nje, mama wa omena akanishika mkono. "Nyathina, mwanangu, ni kite. Umewabebesha watu kumi na wawili jiwe moja." Tukacheka wote wawili, nikaliandika hapo hapo kiganjani.

Kesho yake darasani, mwalimu wa mahubiri alikuwa na sentensi moja tu: "Jana ulihubiri Dholuo, hukuhubiri Yoshua." Hapo sikucheka. Wiki nzima, nikiosha vyombo, nikawa namjibu kichwani. Yeye mwenyewe hata maji hawezi kuomba kwa Dholuo! Katika lugha mimi ni mgeni, na mgeni akijikwaa kizingitini haoni haya sana. Mimbarini nilikwisha kujiona mwenye nyumba.

Sikubali yote aliyosema. Wazee wa viti vya nyuma, ambao Kiswahili kinawapa taabu, walinishukuru, na hilo hakuligusa. Lakini nilipofungua daftari langu sikukuta popote nilipoeleza mawe yale yaliwekwa ya nini, kwamba watoto wakiuliza baadaye wasimuliwe jinsi mto ulivyokatika. Nililipita hilo mbio ili niwahi neno langu tamu.

Mwezi uliopita nilihubiri tena, Dholuo nikaiacha kwenye salamu tu. Mama wa omena alinisubiri mlangoni.

"Leo umetamka vizuri, nyathina. Lakini ulikuwa mrefu. Nimeacha omena juani, na mawingu hayo unayaona."

Akaondoka haraka kabla sijamjibu.