Maswali yenu: virusi vya mikunde-pori

Nimeambatisha picha ya kunde-pori yenye batobato. Hivi ni virusi gani?

Sijui, na kwa picha hata wewe hutajua. Mmeniuliza hili hadi nimechoka. Upungufu wa madini, utitiri, hata dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo huchora jani vivyo hivyo. Tena mikunde-pori mingi hubeba virusi bila dalili. Ukichuma majani yaliyojikunja tu, hesabu yako imeharibika kabla hujarudi maabara.

ELISA (kipimo ambacho kingamwili hunasa protini za virusi na rangi hubadilika) imetoa njano kwenye sampuli zangu zote 12 za porini. Kunde ya shambani niliyolinganishia haikubadilika. Zote zina virusi?

Usithubutu kuandika hivyo. Utomvu wa mmea wa porini si wa kunde ya shambani. Kingamwili zinaweza kuung'ang'ania hovyo na kisima cha sahani ya kipimo kikageuka njano bila virusi hata kimoja. Cha kulinganishia kiwe spishi ileile, kilichooteshwa ndani ya wavu usiopitisha vidukari. Nacho kipimwe kwanza, maana BCMNV na CABMV, virusi vya maharage na kunde, hupita kwenye mbegu.

Halafu, kingamwili gani? Kama ni zile za jumla za potivirusi, kundi kubwa la virusi vya mimea walimo hao wawili, umepata ukoo, hujapata jina. Geuza RNA kuwa DNA, fanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi), soma mfuatano wa nyukleotidi, yaani herufi za DNA. Na tafadhali, kipande cha nyukleotidi 300 kisikufanye utangaze spishi mpya. Kwa potivirusi, kipimo ni eneo zima linalosimba protini, na mpaka ni takriban 76% ya ulinganifu; chini yake ndipo huhesabiwa spishi nyingine.

PCR haikutoa mstari kwenye jeli. Basi mmea ni mzima?

Si lazima. Fenoli, kemikali za majani magumu, hukwamisha kimeng'enya cha PCR. Tafuta pia jeni ya mmea wenyewe kwenye RNA hiyohiyo. Nayo isipoonekana, kosa ni lako. Ikionekana, kumbuka kwamba praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zilizoundwa kwa virusi vya shambani huweza kuvikosa binamu zao wa porini.

Majani niyabebe kwenye mfuko wa plastiki?

Yataoza. Yatie kwenye silika jeli, punje zinazofyonza unyevu.

Jina la mmea nimeandika "Vigna sp.", yaani jenasi bila spishi. Inatosha?

Haitoshi. Bana na kukausha tawi lenye ua na ganda, lipewe namba ileile ya sampuli ya jani. Nimewahi kuletewa mirija 40 ya RNA nzuri kabisa, na aliyeileta hakuweza kuniambia ilitoka kwenye mmea gani. Tuliimwaga.

Kwa nini tupoteze fedha kwa magugu?

Kwa sababu BCMNV, virusi vinavyofanya mishipa ya maharage yenye jeni ya kinga iitwayo I iwe myeusi hadi mizizini, vimekutwa kwenye mikunde-pori ya Afrika. Kidukari huvichota kwa sekunde chache za kuonja jani, kisha huhamia shambani. Nanyi mnaokusanya mbegu za porini kwa ajili ya benki za mbegu, zioteshwe kwenye karantini na miche ipimwe kabla ya pakiti kwenda kwa mtu mwingine.