Laki tatu yako usiipeleke kwa kontena, sikiza kwanza

Juzi kijana mmoja wa Likoni kaniandikia, shikamoo mama, nina laki tatu nimepata kwa chama, kuna broka asema tuchange watu wanne tuagize kontena ya ex-UK, yaani vitu vilivyotumika Uingereza, makochi, friji na viti vya ofisi, je niingie? Maswali kama haya yamejaa kwa inbox yangu, wacha nijibu hapa msome nyote.

Mimi nilianzia barazani kwa mamangu Kisauni na meza mbili za ofisi na kabati ya chuma isiyo na ufunguo. Kuna jamaa zangu walikuwa wakipita waniita muuza makapi. Leo hao hao waja kuchukua friji kwa lipa polepole, na nawapa, lakini lile neno bado liko moyoni. Sasa nina duka Bombolulu na stoo nyuma yake, na hiyo stoo imejengwa na viti vya ofisi, sio na kontena.

Kontena niliingia mara moja na mtu niliyemwamini. Ilikuwa mwanzo wa 2024, dola imepita shilingi 160 na pauni imepita 200, meli zakwepa Bahari ya Shamu zazungukia Afrika Kusini, bei ya kusafirisha juu. Pesa ikatoka yangu, mzigo ukaja makochi yamelowa maji na yeye simu kazima mpaka leo. Hata ungekuja mzima ingekuwa kazi, maana kufika katikati ya mwaka dola ilikuwa imerudi kwa 130 hivi, na aliyeagiza nyuma yako auza chini ya bei uliyonunulia wewe. Hapo hujahesabu ushuru. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki walileta kiwango cha ushuru cha asilimia 35 kwa mali ya kutoka nje na fanicha imo, halafu VAT 16 juu yake.

Kwa hivo mwanangu, nunua hapa hapa. Mombasa mali hutoka Aprili mpaka Juni, mvua zimeanza, wageni wamepungua, hoteli za North Coast zafanya ukarabati na zatoa vitanda, magodoro, viti na friji ndogo za vyumbani kwa mpigo. Wakati huo mauzo dukani huwa yamelala na wenzako wanalia biashara mbaya. Usilie nao, huo ndo wakati wa kununua. Mashirika ya serikali nayo huuza vitu vya ofisi kwa tenda chini ya ile sheria ya ununuzi ya 2015, matangazo soma kwa gazeti la serikali la MyGov, na uende ukavione vitu kwa macho kabla hujaandika bei.

Mauzo yenyewe yapanda Disemba watu wakipokea wageni, yapanda tena kabla ya Ramadhani, friji na blenda, na wiki ya mwisho kabla ya Idi kina mama hubadilisha makochi na mazulia. Lakini Ramadhani yarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivo ukilinganisha mwezi wa mwaka huu na mwezi huo huo wa mwaka jana waweza kudhani duka lafa kumbe pesa ilishaingia mwezi wa nyuma yake. Linganisha Shaabani, ule mwezi wa kabla ya Ramadhani, kwa Shaabani. Nimeona watu wakifunga duka kwa kusoma daftari vibaya, yaniuma sana.

Vitu vya ofisi havijui Idi. Tangu korona ya 2020 watu wanafanyia kazi nyumbani, na sasa meza na kiti cha kuzunguka natoa mwaka mzima. Kiti kikalie, pandisha, kaa tena dakika kadhaa, kikishuka chenyewe gesi imekwisha, punguza bei au achana nacho. Meza pindua uangalie miguu, zile za MDF, mbao za unga wa miti uliogandishwa, zikishalowa huvimba chini kama mkate kwa chai na hazirudi. Mvule ukiuona mahali, nunua hata kama umechakaa, fundi atapiga randa.

Friji iwashe hapo hapo, ungoje, sikiza kompresa, bana karatasi kwa mlango uivute, ikitoka bila kukaza mpira umekwisha. Angalia kutu chini, chumvi ya bahari huanzia huko. Ya Uingereza plagi na umeme ni sawa na wetu. Ya Japani ni volti 100, ukichomeka kwa 240 bila transfoma yaungua, na mteja atarudi na maneno.

Kijana wangu wa Likoni, hiyo laki tatu igawe, nusu mali, nyingine weka ya kodi, usafiri na fundi, na umwambie broka wako hapana. Akikasirika muache akasirike.