Kihamba kimeuzwa kabla ya mirathi

Pole sana dada. Umesema kaka yako amekata nusu ya kihamba (shamba la ukoo la Kichagga lenye makazi) cha marehemu baba huko Kibosho, Kilimanjaro, akamuuzia jirani, na mirathi haijafunguliwa. Anzia hapo hapo: bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna mwenye mamlaka ya kukigawa wala kukiuza. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mwende nao Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi huyo ateuliwe. Masale ya mpakani, yaani mimea inayopandwa kuwa alama ya mpaka, yasing'olewe. Yapigeni picha leo, wakiwepo wazee wanaoujua mpaka huo. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, hivyo mkishindwana nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mama, maadamu bado anaishi humo, haki yake itajwe kwanza.