Kabla Hujakodi Gari la Kulala, Jifunze Kusubiri Upepo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msichana mmoja Mtanzania anayesoma Ujerumani. "Shikamoo dada. Nimeziona picha zako za pwani nyeusi ya Iceland. Na mimi natamani kukodi gari la kulala niende peke yangu, lakini nyumbani wananiambia nimechanganyikiwa. Nianzie wapi?" Niliusoma mara tatu kabla ya kumjibu, kwa sababu neno hilo la kuchanganyikiwa niliambiwa hata mimi, tena na mtu niliyekuwa nikimhesabu kuwa ndugu.

Tulikuwa twende wawili. Zilipobaki wiki mbili alijitoa, jambo ambalo ningelisamehe siku ileile kama angeishia hapo. Lakini aliwaeleza wenzetu kwamba mwanamke anayekwenda kulala ndani ya gari peke yake ugenini anajitafutia makubwa, na yakimpata asije akamlilia mtu. Maneno hayo yalinifikia kupitia watu watatu. Mpaka leo hajaniuliza kama nilirudi salama. Gari nilikuwa nimekwisha kulilipia, nikaenda, na ukweli ni kwamba nilikwenda kwa hasira zaidi kuliko kwa ujasiri. Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya niishike ratiba yangu kama kiapo: siku sita, nifike Jökulsárlón, lile ziwa la vipande vya barafu, wote waone.

Mambo ya karatasi si mazito. Iceland imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, kwa hiyo mwenye kibali halali cha kuishi Denmark kama mimi, au Ujerumani kama wewe, haombi viza nyingine kwa safari fupi. Gari lenyewe lilikuwa dogo, lenye godoro nyuma na jiko la gesi la plati moja, na sheria hairuhusu kulilaza popote upendapo kando ya barabara. Unakwenda kambini, unalipa, unapata choo na maji ya moto. Siku ya kwanza, kutoka uwanja wa ndege wa Keflavík hadi maporomoko ya Skógafoss, ilipita bila kisa.

Kisa kilinisubiri Reynisfjara. Huo ni ufuko wa mchanga na changarawe nyeusi, lava iliyosagwa na bahari, na nyuma yake kuna jabali la nguzo za basalti, mwamba wa volkano, zilizosimama zimebanana kama mzigo wa miwa. Penye njia ya kuingilia pana taa ya kuonya kuhusu mawimbi, kwa maana kina cha bahari huanza karibu sana na nchi kavu, na wimbi moja kati ya mengi hupanda mbali kuliko mengine na kumzoa mtu. Wamekufa watu pale. Taa hiyo niliitazama kwa makini. Nisichokitazama ni utabiri wa upepo, ambao asubuhi ile ulikuwa mita 21 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 75 kwa saa. Niliegesha nikiupa upepo mgongo, nikafungua mlango wa dereva kama ninavyofungua kila siku, na upepo ukaunyakua. Mpini ulinitoka mkononi, bawaba zikalia, mlango ukapinduka kwenda mbele hadi ukagonga bodi na kuacha bonde la ukubwa wa sinia. Mchanga uliingia hadi ndani ya sufuria ya chai. Nilipouvuta urudi, haukufunga tena. Ulibaki na mwanya wa kupitisha ngumi.

Hapakuwa na mtu wa kuniambia "shika huku, nami nishike kule", na hapo ndipo nilipoelewa maana ya kusafiri peke yako. Nilitoa kanga niliyopewa na mama, nikaipitisha kwenye mpini wa ndani, nikaifunga kwenye chuma cha kiti kwa mafundo mawili, kisha nikaendesha polepole kilomita kumi hivi hadi kambi ya Vík huku nikilia.

Vík ni kijiji kilicho karibu na Katla, volkano iliyofunikwa na barafu ya Mýrdalsjökull. Ilipolipuka mwaka 1918, mafuriko ya barafu iliyoyeyuka yalishusha mchanga mwingi hata pwani ikasogea mbele ndani ya bahari. Kanisa lao liko juu ya kilima, nako ndiko wanakijiji wanakotakiwa kukimbilia Katla ikiamka tena. Nililitazama kanisa hilo kwa siku mbili kupitia kioo cha gari, kwa sababu upepo haukutulia na mwenye kambi alinisihi nisiondoke. Nilimkumbuka babu yangu wa Pangani. Bahari ikichafuka wakati wa kusi alikaa barazani akashona nyavu zake, na hakuna aliyemwita mwoga. Mimi mjukuu wake niliziona siku mbili za kusubiri kuwa aibu, kwa kuwa nilikuwa nikisafiri mbele ya macho ya mtu ambaye hata hakuwa akinitazama.

Siku ya tatu upepo ulishuka, na fundi wa pale kijijini alikuwa amenyoosha bawaba kiasi cha mlango kufunga, nikaondoka kuelekea Eldhraun. Hiyo ni lava ya volkano iitwayo Laki, iliyotoka kwa miezi minane kuanzia Juni 1783. Gesi zake ziliangamiza mifugo, na njaa iliyofuata ikaondoa karibu mtu mmoja katika kila watano nchini. Leo imefunikwa na uoto laini wa kijani-kijivu, mnene kama godoro, na haukanyagwi, kwani alama ya unyayo huchukua miaka mingi kufutika. Nilizima injini nikakaa kimya pale kwa muda mrefu. Mbele zaidi nilipita vyuma vya daraja lililobebwa na mafuriko ya mwaka 1996, baada ya volkano kulipuka chini ya barafu ya Vatnajökull. Vimelala kando ya barabara vimepindika kama nyaya. Jökulsárlón nilifika jioni, siku mbili nyuma ya ratiba, vipande vya barafu vikimeta juu ya mchanga mweusi. Nilifika, na nilifika peke yangu, nalisema hilo bila kuona haya.

Basi mdogo wangu, usimwulize mtu kama unaweza, uliza upepo ukoje. Utazame asubuhi na mchana katika tovuti ya idara yao ya hali ya hewa, ambayo huutaja kwa mita kwa sekunde. Mimi, baada ya Reynisfjara, ukizidi 15 sikuwasha gari. Pua ya gari ielekee upepo unapoegesha, na mlango uushike kwa mikono miwili. Weka siku mbili tupu katika ratiba, kabla hujaweka kitu kingine chochote. Soma bima kabla ya kutia sahihi, kwa sababu yangu haikugusa mlango uliochukuliwa na upepo, wala mchanga na majivu. Nimeulipia mlango ule kwa mafungu manne, na la mwisho nililipa mwezi uliopita.

Nitumie tarehe zako na majina ya kambi utakazolala. Kila jioni nitakuwa nikisubiri ujumbe wako wa kufika, kama mama alivyokuwa akisubiri wangu.