Kabla Hujaiosha Almasi ya Maabara

Niliharibu kipande changu cha almasi kwa kukiosha. Hakikupasuka wala hakikukwaruzika, na hata ukikitazama kwa lenzi hutaona tofauti yoyote na siku nilipokipokea. Kilichoondoka ni tabaka la atomu za haidrojeni lililofunika uso wake, tabaka lenye unene wa atomu moja tu, lakini kuondoka kwake kulitosha kufanya vipimo vyangu vya baadaye visilingane tena na vya mwanzo. Ninawaandikia walimu na wanafunzi wa fizikia na kemia hapa Mwanza, ambao huenda siku moja wakabahatika kupata sampuli za namna hii.

Nilikuwa na vipande viwili bapa, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 3, vyote vya almasi iliyooteshwa kutokana na gesi ya methani iliyochanganywa na haidrojeni nyingi. Kimoja kilikuwa kimemaliziwa kwa plazma ya haidrojeni: gesi huchochewa kwa mawimbi ya maikrowevu hadi molekuli zake zivunjike kuwa atomu, nazo atomu hizo hushikamana na kaboni za juu kabisa za almasi iliyopashwa joto la mamia ya nyuzi. Cha pili kilikuwa kimechemshwa katika asidi kali, kwa hiyo uso wake ulishika oksijeni. Niliviweka mezani nyumbani Kirumba, nikadondoshea kila kimoja tone la maji yaliyokenekwa. Kwenye cha haidrojeni tone lilijikunyata likasimama, kama umande juu ya jani la magimbi; kwenye cha oksijeni lilitandaa mara moja. Waliowahi kusikia habari za meza za grisi za migodi ya almasi wataelewa haraka, kwa kuwa kazi yake ilitegemea tabia hiyo hiyo: almasi yenye uso unaokataa maji hunasa kwenye grisi, huku mchanga uliolowa ukisombwa na maji.

Jambo lililonishangaza zaidi ni umeme. Almasi safi ni kihami, yaani haipitishi umeme, na kipande cha oksijeni kilithibitisha hivyo, kwani multimita haikuonyesha chochote. Kile cha haidrojeni kilipitisha umeme, ingawa kwa shida. Tabia hii imejulikana tangu 1989, na maelezo yake yanapendeza. Kaboni huvuta elektroni kuliko haidrojeni, hivyo upande wa nje wa uso hubaki na chaji chanya kidogo, hali ambayo huwarahisishia elektroni kutoka ndani ya almasi. Hewa nayo huacha utando mwembamba mno wa maji juu ya uso huo, na utando huo hupokea baadhi ya elektroni. Nafasi zilizoachwa wazi ndani ya almasi, chini kidogo ya uso, ndizo zinazobeba umeme. Kwa hiyo uso unaokataa tone la maji unahitaji unyevu ili upitishe umeme, jambo ambalo mpaka leo hunichekesha kila upepo wa ziwa unapoingia dirishani. Ukiondoa unyevu huo kwa kupasha joto ndani ya ombwe, upitishaji hushuka, kisha hurudi almasi ikikaa tena hewani.

Kosa langu lilianza na alama ya kidole. Mwanafunzi mmoja alikigusa kipande cha haidrojeni, nami kwa papara nikakichemsha katika mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na ya nitriki, kana kwamba natakasa kioo. Mafuta yalitoka, na haidrojeni nayo ikatoka, nafasi yake ikachukuliwa na oksijeni. Sikuwa na mtambo wa plazma wa kuirudisha. Ningeanza na asetoni, nikafuatisha spiriti na maji yaliyokenekwa, mafuta yangetoka na uso ungebaki salama. Taa ya miali ya urujuanimno inayozalisha ozoni nayo iepuke, pamoja na joto kali penye hewa, kwa sababu vyote huleta oksijeni.

Kwa wanaopima metali katika maji ya ziwa kwa elektrodi (vipitishi vya umeme vinavyotumbukizwa majini) za almasi iliyotiwa boroni ili ipitishe umeme, tahadhari ni ile ile kwa sura nyingine. Kuisafisha elektrodi kwa volteji kubwa chanya huoksidisha uso wake, na baadhi ya vipimo hubadilika hata kama maji ni yale yale. Volteji hasi huweza kurudisha sehemu ya haidrojeni, lakini kipimo cha kulinganisha kirudiwe kila baada ya usafi, si mara moja kwa muhula.

Siku hizi nashika vipande kwa kibanio, na juu ya kila bahasha naandika uso umefunikwa na nini, umeoshwa kwa nini na lini, na tone la maji lilikaaje siku hiyo. Kwenye bahasha ya kile nilichokiharibu nimefuta neno haidrojeni kwa mstari mmoja, nikaandika oksijeni pembeni.